Vijana 15 wa Glashütte na fundi saa wa Mwanjelwa

Ukitaka kumtenga fundi wa kweli na mbabaishaji, usimwombe cheti. Mpe kipande cha bati la shaba, tupa, msumeno mwembamba na bisibisi, kisha mwambie akutengenezee saa ya mkononi. Sijasema airekebishe. Nasema aitengeneze, kuanzia bati tupu mpaka uisikie ikigonga.

Msomaji wangu, mtihani huo sikuubuni mimi. Upo, na una umri mkubwa. Katika vyuo vya mafundi saa vya Uswisi na Ujerumani, mwanafunzi anayekaribia kuhitimu hutengeneza kitu wanachokiita saa ya shule. Wengine hupewa mtambo mbichi ambao haujakamilika, wengine huanzia kwenye bati. Mwisho wa safari saa hiyo inakuwa na alama za mikono yake, na ndiyo inayosema kama kijana ameiva au bado.

Hebu tuifungue tuone kilichomo. Tumboni mwa saa isiyotumia betri kuna springi iliyokunjwa ndani ya ngoma ndogo. Unapozungusha kile kichwa cha pembeni unaijaza springi nguvu. Ikiachwa huru itajifungua kwa sekunde chache na nguvu yote itakwisha. Kwa hiyo nguvu inapitishwa kwenye magurudumu ya meno, moja likisukuma jingine, mpaka kwenye kizuizi chenye umbo la nanga kinachoachia jino moja, kinafunga, kinaachia jingine. Ule mlio wa tik-tik ndio huo. Anayeamrisha mwendo ni gurudumu linaloitwa balansi, linalokwenda na kurudi likiongozwa na springi nyembamba kama unywele. Springi hiyo ya balansi Mholanzi Christiaan Huygens aliitangaza kwa ulimwengu mwaka 1675.

Katika saa nyingi za zamani, balansi hupiga mara 5 kwa sekunde. Piga hesabu: mara 18,000 kwa saa moja, mara 432,000 kwa siku. Saa ikikosea dakika moja tu kwa siku, mwenye nayo anairudisha kwa fundi analalamika, wakati imekosea sehemu moja kati ya 1,440. Sisi waandishi wa habari tungepimwa kwa kipimo hicho, sijui nani angebaki chumba cha habari.

Sasa mwanafunzi anatakiwa kuikereza ekseli ya balansi ambayo ncha zake zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikivunjika, na huvunjika, anaanza upya. Skrubu za chuma anazipasha moto polepole mpaka zigeuke rangi ya bluu, karibu nyuzi 300. Akichelewa kidogo bluu inakimbia, inabaki kijivu, anazisugua tena na kurudia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu anainama miezi mingi.

Utaniuliza: kwa nini kumtesa kijana hivyo wakati hata simu ya bei poa inasema saa kwa usahihi kuliko saa yoyote ya springi? Swali zuri. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya, na linapatikana katika historia ya mji mmoja mdogo wenye milima, baridi na madini yaliyokwisha. Mtu wa Mbeya akisikia maelezo hayo atafikiri nazungumzia kwao. Naomba asubiri kidogo, tutafika.

Mji huo unaitwa Glashütte. Upo kusini mwa Dresden, katika safu ya milima ambayo Wajerumani wanaiita Erzgebirge, yaani Milima ya Madini. Watu walikwenda kule kuchimba fedha, na mwaka 1506 kijiji kikapewa hadhi ya mji kwa sababu ya fedha hiyo. Kufikia miaka ya 1840 ile fedha ilikuwa imekwisha. Watu wakabaki na mashimo, mashamba ya mawe mawe na kazi ya kusuka majani makavu. Umaskini ukatia nanga.

Hapo ndipo anapoingia Ferdinand Adolph Lange. Alizaliwa Dresden mwaka 1815, akajifunza kazi kwa fundi saa wa mfalme, kisha akazunguka Ufaransa, Uswisi na Uingereza akitazama wenzake wanavyofanya. Aliporudi aliiandikia serikali ya ufalme wa Saxony akipendekeza jambo ambalo wengi wangeliona kichekesho: nipeni watoto wa maskini wa milimani, niwafundishe kutengeneza saa.

Mwaka 1845 serikali ilikubali na mkataba ukasainiwa. Unionavyo mimi, mkataba ule ni wa maana kuliko saa zenyewe. Serikali ilimkopesha Lange thaler 7,820, sehemu yake ikiwa ya kununulia zana. Ilimkopesha, haikumpa. Naye alitakiwa kuwafundisha vijana 15 kwa miaka 3. Vijana walitakiwa kubaki kazini kwake kwa muda baada ya mafunzo, na gharama ya kufundishwa na ya zana ilikatwa kidogo kidogo kwenye ujira wao. Kila upande ulikuwa na deni kwa mwenzake. Tarehe 7 Desemba 1845 karakana ikafunguliwa.

Usidhani mambo yalinyooka. Vijana waliozoea kusuka majani na kushika sururu walipewa vipande visivyoonekana vizuri bila kioo cha kukuza. Zana nyingi hazikuwepo, ikabidi Lange azibuni na kuzitengeneza mwenyewe. Aliachana na vipimo vya zamani vya mafundi saa akatumia milimita, ili kipande cha huyu kiingie kwenye saa ya yule. Fedha ya mkopo haikutosha, akatumbukiza na zake. Juu ya hayo alikuwa meya wa mji kwa miaka 18.

Nililolipenda zaidi ni kwamba hakuwafungia vijana wake mlangoni kwake. Aliwasukuma waliobobea wafungue karakana zao: huyu atengeneze skrubu, yule magurudumu, mwingine mishale. Mafundi wengine wakahamia pale, akiwemo Moritz Grossmann aliyefika mwaka 1854. Huyu Grossmann ndiye aliyesimamia kuanzishwa kwa chuo cha mafundi saa mwaka 1878, miaka 3 baada ya Lange kufariki. Mwalimu wa chuo hicho, Alfred Helwig, ndiye aliyebuni mwaka 1920 aina ya mtambo ambao hadi leo watengenezaji wa saa za bei mbaya wanaringia nao.

Mji ule umepata misukosuko mizito. Tarehe 8 Mei 1945, siku vita inakwisha Ulaya, ulipigwa mabomu. Wasovieti wakang'oa mashine na kuondoka nazo. Mwaka 1951 viwanda vilivyobaki viliunganishwa kuwa shirika moja la umma la Ujerumani Mashariki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, mwaka 1990 kitukuu wa Lange, Walter, akiwa na miaka zaidi ya 60, alirudi kuanza upya. Leo Glashütte ina watu takriban 7,000 na ni miongoni mwa majina makubwa ya saa duniani. Mashine zilibebwa, majengo yalibomolewa, lakini ujuzi uliokuwa mikononi mwa watu haukuweza kupakiwa kwenye mabehewa.

Sasa turudi nyumbani. Dhahabu ya bonde la Lupa, kule Chunya, iligunduliwa mwaka 1922. Watafutaji walimiminika kutoka kila upande, na Mbeya yenyewe ilizaliwa miaka hiyo ya 1920 kama mji wa kuhudumia machimbo. Katika miaka ya 1930 dhahabu ilikuwa ya pili kwa mkonge katika bidhaa ambazo Tanganyika iliuza nje, na Lupa ilikuwa na mchango mkubwa. Kisha yakatokea yale ya Glashütte: dhahabu rahisi ikapungua, na katikati ya miaka ya 1950 mgodi mkubwa wa Saza ukafungwa. Wenye mitaji wakafunga virago. Chunya ikabaki na mashimo na simulizi.

Ni kweli dhahabu imerudi tena. Wachimbaji wadogo hawakuondoka, na mwaka 2012 mgodi wa New Luika ulianza kutoa dhahabu hukohuko Saza, eneo ambalo tangu 2016 liko mkoa mpya wa Songwe. Lakini dhahabu ikirudi mara ya pili inaweza pia kuondoka mara ya pili. Katika miaka ile 30 ya kwanza ya Lupa, tuliachiwa karakana gani? Nani alisaini mkataba wa kuwafundisha vijana 15 wa Chunya kitu chochote, hata kama si saa?

Atasema mtu: wakati ule tulikuwa chini ya mkoloni, mkoloni hakuja kutufundisha. Kweli kabisa. Na hapa historia ina kejeli yake. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifungua kituo Rungwe. Makao yao yalikuwa Herrnhut, nayo ipo Saxony ileile ya Lange. Wakati wanapanda milima ya Unyakyusa, chuo cha Grossmann kilikuwa na miaka 13. Kwa hiyo Saxony na Nyanda za Juu Kusini zilikwishakutana zamani sana. Ila kilichotufikia kilikuwa saa iliyokwisha tengenezwa, si mkataba wa kuitengeneza.

Mwaka huohuo, tarehe 17 Agosti, Wahehe wa Mkwawa waliliteketeza jeshi la Zelewski pale Lugalo, Iringa, na kuondoka na mamia ya bunduki pamoja na mizinga. Ni ushindi tunaojivunia na tuna haki. Lakini kumbuka kilichofuata. Risasi za bunduki zile hazikutengenezwa Kalenga. Wajerumani waliweza kuagiza nyingine, Wahehe hawakuwa na pa kuagiza. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ilianguka. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee, ila somo halifichiki: kuwa na kitu ni jambo moja, kuwa na mikono inayoweza kukizaa ni jambo lingine.

Hata saa tuliipokea hivyo hivyo, kama mzigo uliofika umefungwa. Tulichofanya ni kuisoma kwa macho yetu. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7 asubuhi, Mswahili anasema saa moja, kwa sababu kwake siku huanza jua linapochomoza. Ni ujanja mzuri na sioni sababu ya kuuacha. Lakini saa yetu ya taifa imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Ndiyo maana jua la Mbeya hufika utosini kwa wastani saa 6 na dakika 46 mchana, na la Iringa karibu saa 6 na dakika 37. Ukifika Tunduma ukavuka kwenda Nakonde, umerudi nyuma saa nzima kwa hatua chache tu. Wakati ni makubaliano ya watu. Waliokuwepo mezani walikubaliana, wengine tukaletewa.

Baadaye sisi wenyewe tulijaribu. Ifunda, mkoani Iringa, palikuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pakawa shule ya ufundi, vijana wakajifunza uashi, useremala na umakenika. Baada ya Uhuru, katikati ya miaka ya 1960, ikageuzwa kuwa sekondari ya ufundi. Mbeya ilipata chuo cha ufundi mwaka 1986, ambacho mwaka 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Angalia mwelekeo wa safari zote mbili. Shule ya mikono inapanda cheo inakuwa sekondari, chuo cha mikono kinapanda cheo kinakuwa chuo kikuu. Mimi mwenyewe nimehitimu chuo kikuu, kwa hiyo sitakitukana. Nauliza tu: kwa nini kwetu kupanda cheo lazima iwe kuondoka kwenye benchi la tupa?

Wakati tunajadili vyeo, fundi saa yupo Mwanjelwa amekaa kwenye kijimeza chake. Nilipokwenda kumwona nilitegemea dakika 20 za mahojiano, nikakaa mchana kutwa. Meza yake ina sanduku la kioo lenye saa za kuuza, sahani ya betri, brashi, vibano, chupa ndogo ya oili na kopo la maziwa lililojaa mabaki ya saa zilizokufa. Hilo kopo ndilo ghala lake la vipuri. Alijifunza kwa mjomba wake akiwa kijana, kwa kukaa pembeni na kutazama. Hakuna mkataba, hakuna cheti.

"Siku hizi, mwanangu, kazi yangu ni betri na mikanda," aliniambia. "Saa ya kujaza inakuja moja kwa mwezi. Na anayeileta ni mzee kama mimi."

Nikamuuliza kama aliwahi kutengeneza kipande cha saa mwenyewe, si kukichukua kwenye kopo. Alicheka. Akaniambia habari za saa moja ya mfukoni ambayo ekseli ya balansi ilivunjika, na kipuri chake hakikupatikana Mbeya wala Dar. Alichukua sindano ya cherehani, akailegeza kwa moto, akaikereza kwa kifaa alichokiunda mwenyewe akikizungusha kwa uzi wa upinde, akaipa ugumu tena, akaing'arisha. Zilimvunjikia tatu. Ya nne ikakubali.

"Ilitembea?" nikamuuliza.

"Mwenyewe alikufa saa inatembea."

Msomaji, naomba uelewe mzee huyu anasema nini. Kukereza ekseli ya balansi ndiyo kazi inayowatoa jasho wanafunzi wa Glashütte wenye mashine, taa nzuri na mwalimu nyuma ya bega. Huyu aliifanya Mwanjelwa kwa sindano na uzi. Sehemu ngumu ya mtihani ameshaifaulu, ila hakuna aliyemsahihishia karatasi. Na sasa mikono yake imeanza kutetemeka. Nilimuuliza anamwachia nani kazi, akanionyesha kijana wa meza ya jirani anayeuza makava ya simu. "Yule hubadilisha betri vizuri," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Kuna watakaosema fundi wa kurekebisha hawezi kuwa mtengenezaji. Wamsome Mwingereza George Daniels. Alizaliwa mwaka 1926 katika familia ya kimaskini iliyojaa watoto. Jeshini alirekebisha saa za wanajeshi wenzake. Alipotoka alinunua zana, akaishi kwa kutengeneza saa mbovu za watu mchana na kusoma darasa la jioni. Mwaka 1969 alikamilisha saa yake ya kwanza aliyoitengeneza mwenyewe. Kabla hajafariki mwaka 2011, ubunifu wake wa namna mpya ya kile kizuizi cha tik-tik ulikuwa umeingia kwenye saa za kampuni ya Omega, tangu 1999. Njia yake ilianzia kwenye meza ya marekebisho, meza kama ile niliyoiona Mwanjelwa. Tofauti ni kwamba darasa la jioni lilikuwepo.

Sasa narudi kwenye swali la saa na simu. Sipendekezi Tanzania ianze kushindana na Uswisi. Serikali ya Saxony nayo haikuwa na shida ya kujua saa ngapi. Ilikuwa na watu wasio na kazi kwenye mji ambao madini yamekwisha, na mtu mmoja aliyejua kitu. Saa ilikuwa njia ya kuifundisha mikono usahihi. Mkono unaoweza kukereza ncha ya sehemu ya kumi ya milimita unaweza kutengeneza kipuri cha mashine ya hospitali, cha pampu ya maji, cha kinu cha chai kule Tukuyu au Mufindi. Leo kipuri kama hicho kikivunjika tunasubiri meli.

Na tukumbuke kilichofanya kazi Glashütte hakikuwa muujiza. Kulikuwa na mwalimu anayejua, vijana 15, miaka 3, mkopo unaorejeshwa na ruhusa ya kufungua karakana yako ukishaiva. Yote hayo yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani, na hilo ni jema. Lakini kumpa mzee cheti bila kumpa mwanafunzi ni kumpamba bwana harusi bila kumtafutia bibi harusi. Mzee wa Mwanjelwa hahitaji sana karatasi ya ukutani. Anahitaji kijana mmoja mwenye macho mazuri na subira, atakayelipwa kidogo wakati anajifunza ili asikimbilie makava ya simu.

Dhahabu ya Chunya ikiisha tena, kama fedha ya Glashütte ilivyokwisha, tutabaki na kile kilichomo mikononi mwetu. Fundi mmoja ninayemjua ana kitu mikononi, na miaka yake inahesabika. Thaler 7,820 zilitosha kuanzia kwa wenzetu. Kwetu ingegharimu kiasi gani kuwaweka vijana 15 kwenye meza za mafundi 15 wa Mbeya na Iringa kwa miaka 3?

Nadhani ni pungufu ya bei ya shangingi moja. Nawasilisha.